Ndugu wa Mke Wangu Walivyojipanga Mistari Sakafuni

Sikukuu ya mwaka mpya, ndugu kumi na tisa wa mke wangu walikaa sakafuni wamejipanga mistari kama miche ya kabichi. Hakuna aliyewaambia.

Kosa lilikuwa langu. Ngoja niwape mkanda mzima.

Naitwa Gi-hwan. Mimi ni mtu wa kompyuta, naishi Suwon. Baba mkwe, mzee Maeng, analima kabichi milimani Pyeongchang, kule baridi inakong'ata hadi kwenye meno.

Vuli ile alikuwa anamalizia chumba cha wageni. Sakafu ya zege, ndani yake mabomba ya maji moto. Kwetu nyumba isiyo na sakafu ya moto ni banda tu.

Siku ya kutandaza mabomba, kiherehere kikanipanda.

"Baba, tuchukue bomba nene, milimita ishirini. Tuyaachanishe sentimita arobaini. Maji mengi, kazi kidogo."

"Nene la nini, unamwagilia shamba?" akasema. "Kumi na tano linatosha. Ila yakae karibu karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Thelathini."

"Hiyo nayo ni karibu?"

Mke wangu Cho-rong, mimba ya miezi mitano, alikuwa mlangoni anakula kiazi. "Gaweni chumba," akasema. "Kila mtu na nusu yake. Mnanichosha."

Tukawekeana dau. Ambaye upande wake utawapendeza wageni, ndiye atakayempa mtoto jina.

Dau zito. Mzee alikuwa anataka Deok-pal, jina la mtu aliyezaliwa na mvi.

Tukatandaza. Saa sita tumemaliza, tunasubiri lori la zege. Mzee akaleta pombe ya mchele. Bakuli moja, la pili, la tano sikumbuki.

Tulipozinduka, zege lilikuwa limeshamwagwa na kusawazishwa. Mama mkwe anaosha koleo.

"Mmelala salama?" akauliza. Basi.

Ikafika sikukuu. Supu ikanyweka, watu wakajimwaga chini popote.

Nusu saa haijaisha, upande wangu watu wameanza kusogea. Shangazi Bok-im akasogeza kalio kidogo, akatulia. Mjomba naye akamfuata. Polepole, bila kukatisha maongezi, wote kumi na tisa wa upande ule wakajikuta wameketi juu ya mabomba yangu, mgongo kwa mgongo, na katikati ya mistari hakuna mtu. Kule kati palikuwa barafu.

Upande wa mzee watu wametapakaa wanavyotaka. Mmoja anakoroma.

Nikaishiwa pozi.

Mzee akasimama, akakohoa. "Ndugu zangu, mjukuu wangu ataitwa Deok-"

"Kaa chini, mume wangu," mama mkwe akasema.

Akatoa simu, akatuonyesha picha. Chumba kabla ya zege. Upande wa mzee mabomba yamebanana vizuri, si vile alivyoyatandaza yeye.

"Mlipokuwa mnakoroma niliyafungua, nikayapanga upya. Sentimita ishirini ishirini, na pale dirishani kumi na tano. Miaka arobaini nalala chini. Mgongo wangu unajua moto unapoishia."

Mzee akaitazama ile picha kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Na upande wangu, mama?" nikauliza. "Mbona uliniacha?"

"Wewe ni mkwe, mgeni wa miaka mia. Mgeni hakosolewi." Akanimiminia supu. "Halafu bomba lako gumu, kama kukunja mguu wa ng'ombe."

Watu walicheka hadi yule anayekoroma akaamka, naye akacheka bila kujua kisa.

"Mtoto ataitwa Da-on," mama akasema. Cho-rong akaitikia haraka kabla baba yake hajapata sauti.

Upande wangu siku hizi unaanikiwa pilipili. Zinakauka kwa mistari.

Funzo ni hili: kabla hujabishana sakafu ipangwe vipi, muulize anayeilalia. Na pombe isubiri mpaka lori la zege liondoke.