Zama, Nipo

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, lakini wahenga hawakumjua Masikio. Mama huyu alikuwa fundi wa magari yanayokaa juu ya mipira ya upepo badala ya springi, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta upepo unakovujia. Wenzake walipaka maji ya sabuni wakangoja mapovu. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasema, "Nyuma kushoto, juu ya gurudumu." Sabuni ililetwa baadaye, kwa ajili ya mwenye gari mbishi. Mumewe alilalamika kwamba katika nyumba ile hata kunung'unika moyoni kulisikika.

Gereji aliirithi pamoja na kaka yake mkubwa, na walikuwa chanda na pete. Walikuwa na desturi moja ambayo hawakuivunja hata siku ya haraka. Anayetaka kuingia chini ya gari alisema, "Nazama!" Aliyebaki juu aliburuta stendi za chuma, akazisimamisha chini ya chesisi, kang, kang, ndipo akajibu, "Zama, nipo." Gari la upepo si la kuaminiwa. Linasimama kwa hisani ya kipaipu chembamba kama kalamu, na kikipasuka, chuma chote kile kinashuka bila hodi.

Kisha ugonjwa wa mapafu ukamchukua kaka. Siku zake za mwisho hospitalini alimshika dada yake mkono, akamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Mdogo wangu, huko niendako nikisema nazama, nani atanijibu?" Masikio alicheka ili asilie, halafu akalia vilevile.

Mazoea yana taabu. Baada ya mazishi aliendelea kusema "Nazama!" katika gereji tupu. Alisimamisha stendi mwenyewe, akatega sikio kidogo, akaingia. Angetoa chochote alichonacho alisikie lile jibu mara moja tu.

Adhuhuri moja alikuja mzee mshona suti na gari lake kuukuu, refu, la rangi ya majivu. Alikuwa amehamia kwa mwanawe mji mwingine, hakuwa ameonekana pale kwa muda mrefu.

"Binti yangu, kila asubuhi nalikuta limelalia ubavu kama ng'ombe aliyeshiba," alisema. Akatoa ufunguo, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya mlango, na usingizi ukampitia.

Masikio aliwasha injini. Kompresa ya kujaza upepo ikanguruma, gari likainuka polepole. Akazima, akasikiliza. Sss, nyuma kulia. Alipiga magoti na tochi yake, akaiona paipu ilivyochubuka pale iliposuguana na chesisi. Mbele kidogo palikuwa na kiungio cha zamani, kimezungushiwa utepe mwekundu. Kaka yake ndiye aliyekuwa akifunga utepe mwekundu kwenye kila kiungio alichotengeneza.

Moyo ulimjaa, kazi ikamtoka akilini. Alilala chali juu ya ubao wa magurudumu akasema bila kufikiri, "Nazama!"

"Zama, nipo."

Sauti ilitoka karibu na bampa, pale pale kaka aliposimama siku zote, nayo ilikuwa na ule mkwaruzo wa hospitalini. Masikio hakuogopa. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba hakuogopa hata chembe. Alifurahi. Akajisukuma kwa visigino, kichwa kikaingia gizani, kisha mabega.

Lakini masikio yake yalikuwa yanadai kitu. Jibu lilikuwa limekuja, chuma hakikuja. Maisha yake yote, kabla ya neno lile alisikia kang, kang, na safari hii hakusikia.

"Kaka," alisema taratibu, "stendi ziko wapi?"

Alikamata ukingo wa gari, akajivuta, akabiringika nje akiuacha ubao ndani. Paipu ilipasuka. Gari likashusha pumzi ndefu, likalala, na ubao ukavunjika chini yake.

Mzee alikuja mbio, miwani mkononi. "Umeumia?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali! Mimi nilimsikia kaka yako akikujibu, nikajua mko wawili, nikaendelea kusinzia zangu. Yuko wapi nimsalimie? Mbona sauti yake imekauka hivyo, anaumwa?"

Masikio alishindwa kumtazama usoni. "Amepumzika, mzee," alisema.

Aliliinua gari kwa jeki, akaburuta stendi mwenyewe, kang, kang, akazitikisa kuona zimekaa. Alifungua mdomo kwa mazoea, kisha akaufunga. Alimfikiria kaka yake huko alipo, peke yake, hana wa kumjibu, na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua kwamba yeye akiita atajibiwa, stendi ziwepo zisiwepo.

Aliingia. Alikata kipande kilichochakaa, akaunga paipu mpya, akaibana mbali na chesisi isisuguliwe tena. Kiungio chenye utepe mwekundu kilikuwa kizima, hakukigusa.

Tangu siku hiyo Masikio huzama kimya.