Nilivyomficha Kassim Mahali pa Chemko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yanapata moto mpaka leo. Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa ushirika pale Vwawa. Bugi, dansi la mchana la vijana, limejaa, watu wamevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na mimi nimesimama jukwaani na gitaa la besi, nasubiri mwenzangu aaibike. Aibu yenyewe nilikuwa nimemtengenezea kwa mikono yangu, wiki tatu nzima. Ngoja nikusimulie, halafu wewe utasema kama ungekuwa na akili kunizidi. Huenda ungekuwa nayo. Mimi sikuwa nayo, nilikuwa na mdomo tu.

Tulikuwa tunaitwa Mpakani Jazz. Jina lisikudanganye. Enzi zile kila bendi ilijiita jazz, hata kama inapiga kitu kingine kabisa. Sisi tulipiga bugi. Ukiwa Tunduma ulikuwa unatega redio unawasikia vijana wa Zambia na magitaa yao yanayonguruma, na sisi tukataka kunguruma. Mpiga solo wetu, Lameck, mzaliwa wa pale pale Tunduma, alikuwa na kiboksi alichokipata ng'ambo. Akikikanyaga kwa mguu, gitaa linatoa sauti kama lori la mahindi linapanda mlima. Watu walitembea kwa miguu toka kwetu Isansa kuja kusikiliza kile kiboksi, nakwambia.

Vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa vya chama cha ushirika, vimetokana na kahawa ya baba zetu, na kamati ya chama ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Siame, mpuliza saksafoni, mpole, aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya Zambia. Yule mzee alivaa koti la suti hata akienda kupalilia.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu lazima ulielewe. Hakuna kati yetu aliyejua muziki wa kuandika. Nyimbo zilikaa kichwani. Akija mtu mpya, mpiga besi ndiye anakaa naye goti kwa goti, anamfundisha kila wimbo: unaanzaje, chemko inaingia wapi, unaishaje. Chemko ni pale wimbo unapoacha kutembea ukaanza kukimbia. Waimbaji wananyamaza, solo anaushika, watu wote wanainuka. Ukikosea kwingine watakusamehe. Ukikosea chemko, umekwisha.

Basi Lameck akaondoka. Bendi moja ya Kitwe ilimwita, akaja kuniaga pale mpakani, kiboksi kwenye begi.

"Eze, twende wote, mune," akaniambia. Mune ni rafiki kwa Kibemba, yeye alipenda kuniita hivyo.

"Mimi siiachi Mpakani," nikamwambia. "Na kiti chako hakikaliwi na mtu. Nakuapia."

Akacheka. Alidhani natania. Mimi nilikuwa kijana wa kuapa, mwanangu, na nikishaapa nafanya.

Haikupita mwezi Mzee Siame akaja na mtu. Kassim, utingo wa lori, Mwislamu mmoja wa Tabora, mwembamba, mwenye adabu. Tajiri wake alikuwa ameuza lori, naye akabaki Tunduma hana kazi. Akapewa gitaa la solo. Akapiga laini, safi, kila uzi unausikia peke yake. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikasema, kwa sauti ili asikie:

"Hilo ni gitaa la kubembelezea watoto. Hapa watu wanataka kutetemeka."

Kassim akanitazama. "Nifundishe basi ndugu, nami niwatetemeshe."

Jibu hilo lilinikera kuliko tusi. Mtu ukimtukana halafu asikasirike, unabaki na hasira yako mkononi hujui pa kuiweka.

Nikamfundisha. Kila jioni, goti kwa goti, kama ilivyo desturi. Nyimbo zote nilimpa sawasawa isipokuwa ule mmoja tuliokuwa tunafungia kazi, wimbo wa Lameck mwenyewe, ambao watu waliusubiri kuliko zote. Ule chemko yake inaingia baada ya ubeti wa pili. Mimi nikamwambia ni baada ya wa tatu. Na mazoezi ya pamoja nikahakikisha wimbo huo haufikiwi. Mara natafuta visingizio vya jenereta, mara nasema huo tunaujua, tusipoteze muda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mdudu wa nguoni mwa Kassim nilikuwa mimi.

Ambacho sikukitia akilini ni kwamba Jumapili ile kamati ilikuwa inakuja kututazama. Walikuwa wameshachoka na nywele zetu na bugaluu zetu. Walisema wazi: tukiwaridhisha, tunaendelea. Tusipowaridhisha, vyombo vinapelekwa kwa bendi nyingine. Mimi hayo niliyasikia, ila hasira ilikuwa imeketi mbele yake.

Tukapiga vizuri mchana kutwa. Ukafika wimbo wa kufungia. Ubeti wa kwanza, wa pili, kisha bendi nzima tukaingia kwenye chemko, na Kassim yuko bado kule nyuma, taratibu, anabembeleza. Sauti zikagongana kama ndoo na sufuria. Watu waliokuwa wameinuka wakasimama na mguu mmoja hewani. Kisha kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Utingo, gari limekuacha." Ukumbi mzima ukaangua.

Kassim akanitazama. Mara moja tu, akaelewa. Nilitegemea atupe gitaa, au anirukie, na mimi nilikuwa tayari, ngumi nimeshaikunja. Akapunguza sauti ya gitaa mpaka likanyamaza, akashika kayamba zilizokuwa pale chini, akatupigia mpaka mwisho wa wimbo. Uso wake umekauka.

Tulipomaliza, kwenye mlango wa nyuma, mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Wewe, umefanya nini?"

"Nilisahau, mzee," Kassim akasema. "Kosa ni langu."

Nilikuwa hatua mbili toka pale. Sikufungua mdomo. Mimi, mwenye mdomo kuliko wote. Mwenyekiti akasema kamati itakutana Jumatano. Kwake yeye Kassim hafai, na bila solo hakuna bendi, vyombo vitaondoka.

Jumatatu asubuhi Mzee Siame akaniita shambani kwake. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye kichanja, na koti lake. Hakunipa kiti.

"Ezekia, besi ulifundishwa na nani?"

"Nilijifunza mwenyewe, mzee." Hilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu, tena kwa kifua mbele.

"Mwenyewe." Akageuza kahawa. "Na zile nyimbo kumi na mbili ulizozikuta, nazo ulijifunza mwenyewe?"

Nikaanza kuokota kahawa iliyoanguka chini ya kichanja.

"Jotamu alikaa na wewe siku ngapi?"

Jotamu ndiye aliyekuwa mpiga besi kabla yangu. Nilikuwa sijalitaja jina lake labda miaka mitatu.

"Nne, mzee."

"Nne. Paa la nyumba yake limeshatolewa, mke wake anafunga vyombo, wanasubiri lori la kuwahamishia kijiji kipya kule Mkwajuni. Mtu hajui atalala wapi, na besi anaipenda kama unavyoipenda wewe. Akakaa na wewe goti kwa goti siku nne. Angekuficha chemko, leo ungekuwa nani?"

"Sijui, mzee."

"Ungekuwa kijana wa Isansa anayepiga debe."

Ningecheka siku nyingine. Nikauliza, "Umejuaje kama nilimficha?"

"Nina masikio. Mtu aliyesahau hutafuta tafuta. Kassim hakutafuta. Alikanyaga kwa uhakika, kama mtu aliyeambiwa ngazi ipo, kumbe umeing'oa."

"Sasa mbona hukusema mbele ya mwenyekiti?"

"Kinywa kilichofundisha ndicho kitakachosema," akanijibu, akarudi kwenye kahawa yake. Mazungumzo yakaishia hapo. Hakunipigia kelele, mwanangu, na mimi nilizoea kupigiwa kelele. Ningepigiwa kelele ningejibu.

Nilikuwa nadhani naulinda uaminifu kwa rafiki. Kumbe wakati nalinda kiti cha Lameck kisikaliwe, mimi mwenyewe nilikuwa nimekalia cha Jotamu, naye alinipangusia vumbi kabla ya kuinuka.

Jumatano nikaingia kwenye kikao bila kuitwa. Mwenyekiti akaniambia nitoke. Nikasema sitoki mpaka nimesema, na nikasema yote, hata la kayamba. Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Kwa hiyo wewe umewazamisha wenzako kwa ajili ya mtu aliyeko Kitwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huyo wa Kitwe alikutuma?"

"Hapana. Wala hajui."

Wakatazamana. Mwingine akasema taratibu, "Mjinga huyu angalau ni mjinga mkweli."

Walibishana mpaka saa za kula. Mwishowe vyombo vikabaki, Kassim akabaki. Mimi nikatolewa kwenye jukwaa kwa msimu mzima wa kahawa, lakini kufundisha sikutolewa. Nilitakiwa nimpitishe Kassim nyimbo zote upya. Jioni ya kwanza nilifika nimeinamisha kichwa. Nikamwonyesha ule wimbo, ubeti wa pili, hapa ndipo.

Kassim akashika gitaa, akaniuliza, "Hii ndiyo yenyewe, ndugu Ezekia, au ni ile ya Jumapili?"

Nikacheka mpaka machozi yakatoka, na si ya kicheko yote. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nilikusamehe kwenye kayamba. Laiti ungeuona uso wako ulivyokuwa." Na msimu ule nilikaa chini na watu, nikaisikia bendi yangu kwa mara ya kwanza kama wanavyoisikia wao. Mpiga gitaa la rizimu alikuwa ameshika besi. Walikuwa wazuri. Bila mimi walikuwa wazuri. Iliniuma kwanza, kisha nikashukuru.

Nilirudi. Kassim alikaa nasi miaka sita, akaenda zake, na mimi ndiye niliyemfundisha aliyemfuata, na aliyemfuata huyo. Lameck alirudi siku moja kututembelea, akakuta mwingine kabisa amesimama mahali pake, akacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Baadaye hali ikawa ngumu, nyuzi hazipatikani, tukafunga nyaya za breki za baiskeli, vidole vikachanika. Bendi ikazimika polepole, bila ugomvi, kama moto ulioivisha chakula.

Kabla haijazimika nilifunga safari mpaka Mkwajuni kumtafuta Jotamu. Nilimkuta analima, mvi zimeanza. Nikamshukuru kwa zile siku nne. Akachomeka jembe ardhini.

"Siku nne gani?" akauliza.

Alikuwa amesahau. Kwake hazikuwa wema wa kukumbukwa, ilikuwa ndivyo mtu anavyofanya akiondoka. Tukala ugali na mlenda, akaniuliza habari za mvua ya Isansa.

Basi mwanangu, lililo langu ni hili. Utakapokuja kushika kazi, yoyote, ya gitaa au ya jembe au ya kalamu, jua kuna mtu aliinuka ukakaa. Mtafute umshukuru kama bado yuko. Na akija wa kukupokea wewe, au wa kumpokea umpendaye, usimfiche chemko. Mpenda rafiki haharibu nyumba ambayo rafiki aliijenga. Hasira ni hasara, hilo unalijua, ila mimi nakuongezea: hasira iliyovaa nguo ya uaminifu ndiyo mbaya zaidi, maana mwenyewe unaisifu. Na ukishakosea, nenda kaseme kwa kinywa chako, mapema, kabla mwenzako hajalipia.

Mungu akupe watu wa kukufundisha bila kukubania, na akupe moyo wa kufundisha hivyo hivyo. Akupe mwenzako wa kukusitiri siku ya ujinga wako, na mzee wa kukuambia ukweli bila kukuvunja. Mikono yako ipate kazi, na kazi yako ipate wa kuirithi. Nenda salama, mwanangu.