Punda Aliyefanya Mazoezi Yangu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kitengela kabla ya maflati, mtoto alikuwa na miguu na miguu ilijua kazi yake. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio, nyumbu wanatutazama kana kwamba sisi ndio tumevamia shamba lao, na tulifika shuleni vumbi limetupaka hadi kwenye kope. Nasema "tulifika" kwa adabu tu. Wenzangu walitembea. Mimi nilipanda punda.

Nilizaliwa na himofilia, yaani damu yangu ni mvivu wa kuganda. Mwenzangu akianguka alijipangusa kwa mate, akarudi kucheza bano, gololi zetu za vumbini. Mimi sikuhitaji hata kuanguka. Goti lilivuja damu kwa ndani, bila kidonda, likavimba na kuwaka moto hadi uzito wa shuka ukanitoa machozi. Yeyo, ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita mama, alikuwa amemzika kaka yake mdogo kwa ugonjwa huo huo. Basi daktari wa Kajiado alipomwambia anichunge nisiumie, Yeyo aliamua kunichunga nisiguse ardhi kabisa.

Punda wetu aliitwa Diwani. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama katikati ya njia na kuwaza huku watu wakimngoja. Kazi yake ilikuwa kubeba maji, lakini Yeyo alimpandisha cheo. "Maji yatangoja," alimwambia Baba. "Huyu mtoto hawezi ngoja." Na Baba, mwanamume aliyewahi kumfukuza fisi kwa kirungu, alimvua punda madumu ya maji.

Kwa hivyo niliingia shuleni kila asubuhi nikiwa juu ya mgongo wa Diwani, miguu inaning'inia, na wenzangu wakanibatiza Mheshimiwa. Kipindi cha michezo, wavulana walikimbiza mpira wa karatasi na kamba, wasichana wakacheza kati, wakirushiana mpira na kuukwepa, na mimi nikapewa wizara yangu: kuchunga sweta. Niliketi juu ya lundo la sweta zilizonuka moshi na maziwa, nikitawala mikono na kola. Mwalimu alinisifu kwamba mimi ni mtoto mtulivu sana. Miguu yangu nayo ilitulia, ikakonda ikafanana na vijiti vya kusongea ugali, na kadiri ilivyokonda ndivyo magoti yalivyozidi kuvuja. Yalipovuja, Koko, nyanya yangu, aliyapaka mafuta ya kondoo, akayakanda kwa mikono iliyozoea kupasua kuni, kisha akayafunga kitambaa cha moto. Siku hizi tunajua goti linalovuja linataka barafu na kupumzishwa, si kukandwa. Koko hakuwa na barafu. Alikuwa na nguvu tu, na alinipenda nazo zote.

Halafu ukaja ukame. Mabwawa yalikauka, ng'ombe wakaanza kulala chini na kukataa kuamka, na Diwani akarudishwa kazi yake ya zamani, kufuata maji mbali kabisa upande wa Isinya. Hakukuwa na punda wa kumbeba mheshimiwa. Yeyo alilia, kisha akanifungia viatu, akatembea nyuma yangu hadi shuleni akiomba kwa sauti kila nilipokanyaga jiwe.

Siku za kwanza tulitembea kidogo na kuketi sana. Goti likiuma, nilikaa nyumbani hadi litulie, halafu nikaanza tena polepole. Baadaye Yeyo akaacha kuomba kwa sauti. Baadaye tena akaacha kunifuata. Na goti, jamani, likaanza kusahau kuvimba. Nilipata nyama kwenye mapaja. Harusi ya binamu yangu kule Kimuka, vijana waliporuka katika ngoma, sikuruka nao, kwani sikuwa na himofilia ya akili. Lakini nilisimama nao mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeniletea kiti. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Nyumbani kila mtu alijua sababu. Koko alisema ni ile supu yake ya mizizi. Mchungaji alisema ni maombi, akatoa ushuhuda huo kanisani Jumapili mbili mfululizo. Baba alisema ukame hukomaza wanaume. Miguu yangu, iliyofanya kazi yote, haikutajwa hata kwenye matangazo.

Mvua iliponyesha, Yeyo alifurahi kuliko ng'ombe. Alimwosha Diwani, akamtandikia blanketi jipya, akaniambia, "Mwanangu, sasa utapumzika." Nikapumzika. Nilipumzika hadi goti la kushoto likavuja, likavuja tena, na mwishowe likakataa kunyooka. Halijanyooka mpaka leo. Ukiniona napita sokoni Kitengela utadhani nataka kuinama kuokota kitu.

Nilikuwa mtu mzima niliporudi kliniki na kukutana na mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Yeyo alikuwa ameketi kando yangu. Yule mama alitueleza bila haraka kwamba misuli ndiyo mlinzi wa goti, na ikikonda goti linabaki bila mwenyewe. Damu ikivuja, pumzika upate sindano. Ikitulia, anza tena taratibu. Tembea, ogelea, endesha baiskeli mahali tambarare. Mieleka na mpira wa kugongana uwaachie wengine. Yeyo akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ni punda?"

Yule mama hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikashindwa kumtazama mama yangu usoni.

Leo dada yangu Naserian ana mtoto wa kiume, Lemayian, na damu yetu ile ile. Huyu amezaliwa na bahati. Anapata sindano za kuzuia kuvuja kabla hata goti halijafikiria. Bwawa la kuogelea liko nyuma ya ploti yao. Na kijana wetu wa kizazi kipya anafanya mazoezi kwelikweli: kidole gumba cha kulia, kwenye simu, asubuhi na jioni. Shule inaonekana kutoka dirisha la jikoni, lakini mama yake humpeleka kwa gari. Nilipomwambia twende tuogelee, alinitazama kwa huruma. "Anko, mimi niko na himofilia, si unajua?" Aliniambia mimi. Kwa mdomo wake.

Jumamosi iliyopita nilienda kumchukua kwa lazima. Naserian akasema, "Ngojeni basi, nitoe gari." Yeyo siku hizi anaishi kwake, na alikuwa mlangoni anaota jua, fimbo mkononi.

"Weka hiyo funguo," akasema. "Huyu mimi nilimpa punda. Angalia vile anatembea."

Naserian aliangalia goti langu, kisha akaangalia la mwanawe. Akarudisha funguo mezani.

Tukaenda kwa miguu, Yeyo na fimbo yake, mimi na mwendo wangu wa kuokota vitu, na Lemayian akilalamikia jua lililokuwa likituwakia sote. Aliogelea akikunja uso, mwishowe akasahau kukunja. Alipotoka majini alisimama jua limpige, miguu yote miwili imenyooka, na Yeyo akaitazama hiyo miguu hadi taulo aliyomshikia ikamponyoka mkononi.

Enzi zetu tulikuwa na mbuga, tulikuwa na hewa safi, na njia ndefu ya kwenda shule isiyodai kiingilio. Leo wana sindano, wana bwawa, na wana anko mwenye kelele. Diwani alikufa kwa uzee, miguu yake minne ikiwa imenyooka kama nguzo za boma. Mazoezi yangu yote aliyafanya yeye, na mpaka leo namuonea wivu.