Gauni la Namba Kumi na Mbili

Sisi wa Dar hatuna mazoea ya kupimwa. Ukitaka gauni, unampelekea fundi nguo yako inayokukaa vizuri, unamwambia akate kama ile, unaondoka zako. Kwa hiyo mpaka mwanangu anaanza shule, hakuna mtu aliyewahi kunizungushia futi kamba kiunoni, na wala sikuona kasoro. Nilijua mimi ni namba kumi na mbili. Ndivyo lebo za nguo zangu zilivyosema, na nguo zangu zote zilitoka kwenye fremu ya mama, pale Kariakoo, anapouza magauni ya kina mama tangu tukiwa wadogo.

Nilipoanza kushona mwenyewe, hapa nyumbani Magomeni, nilinunua patani, ile michoro ya kukatia nguo, kwenye simu. Kuna dada anazichora mwenyewe na kuziuza mwenyewe, hana kampuni wala duka. Unalipia, anakutumia, unakwenda stesheneri kuzichapisha, unarudi kuziunga kwa selotepu mpaka karatasi zinajaa sebule nzima na mume anaruka kama anavuka mtaro. Nilikuwa nimeshona sketi mbili za kukaza kiunoni kwa mpira, zikanikaa, na kichwa kikavimba.

Basi mdogo wangu wa mwisho akapata mchumba. Kwa sherehe ya kumuaga, wanawake wa familia tulichaguliwa sare ya lesi ya zambarau, kila mmoja kipande chake cha kutosha gauni moja tu. Mwenye duka alishasema mzigo umeisha na mwingine hauji. Mimi ndiye dada mkubwa, niliyepangwa kuingia na bibi harusi ukumbini mkono kwa mkono, watu wote wamesimama. Nikatangaza kwenye kundi la familia kwamba gauni langu sipeleki kwa fundi yeyote, nashona mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza wa patani ulikuwa na jedwali la vipimo, na juu yake yule dada ameandika kwa herufi nene: chagua kwa vipimo vya mwili wako, usichague kwa namba unayovaa dukani. Chini yake kulikuwa na jedwali jingine, la ukubwa wa gauni likishakamilika. Nikayapita yote mawili. Mtu mzima nisijue namba yangu? Nikafuata mstari wa kumi na mbili, nikakata.

Siku ya kulijaribu, zipu ilipanda mpaka kiunoni ikagoma. Nikavuta tumbo ndani, nikamwita mume wangu asaidie. Alivuta, akaniangalia kwenye kioo, akasema kwa upole, "Mke wangu, hapa panaingia kiganja." Nilishtuka nikadhani nimekosea kuunga. Nikageuza gauni ndani nje, mishono iko sawasawa, na pembeni sikuwa nimeacha nafasi ya kuachia hata kidogo. Nikamwandikia yule dada kwa hasira kwamba patani yake ni ya wanasesere.

Akajibu muda huohuo. "Pole sana dada yangu. Ulijipima ukapata ngapi?"

Futi kamba ninayo, naipimia vitambaa. Nikajizungushia kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, nikalinganisha na jedwali. Namba kumi na nane. Nikarudia huku nimebana pumzi. Kumi na nane ileile. Nikaketi kitandani kama mtu aliyeambiwa kwamba jina alilokuwa anaitika siku zote si lake.

Halafu nikawaza, kama mimi ni kumi na nane, hizi nguo kabatini zinaniingiaje? Nikazitoa zote, nikazilaza, nikazipima moja moja. Zote zilikuwa pana kama mstari wa kumi na nane, na zote ndani zimeandikwa kumi na mbili. Nikaanza kuzitazama lebo kwa karibu. Zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, nyingine uzi mweupe kwenye nguo nyeusi, na kila pembe ina mafundo mawili. Hayo mafundo nayajua. Ndiyo yaliyokuwa kwenye vifungo vya sare zangu za shule.

Kesho yake nikalitia gauni la zambarau kwenye mfuko pamoja na mengine matatu ya kabatini, nikaenda Kariakoo. Mama alikuwa anamalizana na mteja. Alikuwa amevaa dera lake pana, na khanga juu, kama kawaida yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umevimba?"

Nikamwekea magauni matatu mezani, nimeyageuza lebo juu. Hakubabaika hata kidogo.

"Umegundua leo?" akasema. "Lebo si zinauzwa mtaa wa pili tu hapo."

"Mama, kwa nini?"

"Ulipotoka kujifungua ulikuja hapa kujaribu gauni. Ukasoma lebo, kumi na nane, ukakaa palepale chini ukalia. Ukasema hutoki ndani tena. Na kweli hukutoka. Hata kanisani hukwenda." Akayakunja magauni taratibu. "Nikakuletea lilelile gauni lina lebo nyingine. Jumapili ile ukatoka. Sasa ulitaka nifanye nini?"

Hilo gauni nalikumbuka, la maua. Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba mwili umerudi.

Nikatoa lile la zambarau, nikamweleza kwamba lesi imeisha dukani na mimi sitaingia ukumbini nimevaa nguo tofauti na ndugu zangu, afadhali nisiende. Hapo nikaanza kulia. Mama akainama chini ya meza, akatoa kipande chake cha lesi, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

"Kata hiki. Safari hii ujipime kwanza."

"Kwa nini hujapeleka kwa fundi mpaka leo?"

"Sijapata nafasi."

"Na wewe utavaa nini?"

"Si hilo hapo ulilolishona."

Nikacheka katikati ya machozi. Mama yangu ndiye mnene wa ukoo wetu, hata wakwe zangu wanamtania kwa hilo. Nikamwambia, "Mama, limenikataa mimi, litakukubali wewe?" Akalichukua, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Alipotoka, zipu ilikuwa imefungwa mpaka juu. Alikuwa ameifunga mwenyewe.

Nilimtazama na sikumtambua. Bila lile dera na ile khanga, mabega yalikuwa ya mtu mwingine, na mifupa ya shingo imejitokeza. Nikalifungua dera lake alilolitundika, nikatazama ndani. Lebo ilikuwa ileile ya zamani, ya namba kubwa kuliko zote, na pembeni kote lilikuwa limepunguzwa kwa mkono, limepunguzwa tena, na tena.

"Tangu lini, mama?"

"Taratibu tu. Nikienda kwa fundi atanipima, atawaambia, mtaacha harusi mkimbizane na mimi hospitali." Akajigeuza kwenye kioo. "Nipunguzie hapa pembeni."

Nikachukua pini mezani kwake. Nikaibana lesi upande wa kulia, nikaibana upande wa kushoto. Gauni bado lilikuwa kubwa.