Jumatatu ya Karnivali

Mama mpanga ratiba wa saiti yetu ya ujenzi hapa Barranquilla, Kolombia, hupuliza kioo cha kompyuta kila mstari wa fundi unapogeuka mwekundu, kana kwamba huyo aliyerundikiwa kazi anaungua mle ndani. Kidole chake hakikosi mafuta ya arepa, vile vimkate vya mahindi. Tukimwambia kazi imefika asilimia tisini, yeye anaandika sitini, na hajawahi kukosea. "Tisini yako naijua, Eliécer," huniambia. "Theluthi yake ni usingizi wa mchana."

Juzi bosi alikuja kutoka Bogotá, akaona siku nne tupu kwenye ratiba.

"Hizi vipi?"

"Karnivali, bosi. Mji mzima unacheza ngoma."

"Futa. Jumatatu zege la ghorofa ya sita limwagwe."

Vazi langu la ngoma lilikuwa limeshapigwa pasi. Mama wa ratiba hakubisha. Alipangusa kidole kwenye sketi, akaandika jina moja, akamgeuzia bosi kioo. Kazi ya watu kumi na wawili, na aliyepangiwa ni bosi peke yake: asilimia elfu moja na mia mbili, mstari mwekundu toka alfajiri.

"Usisahau buti, baba," akamwambia, na safari hii hakupuliza.