Chetezo cha Bi Sheikha

Chafya za Najla zilijulikana mtaa mzima wa Jabe. Akianza kule dukani, katikati ya majora ya vitambaa aliyoachiwa na baba yake, fundi cherehani wa jirani huwaambia watu, "Najla amefungua duka." Wacheke tu. Mwenye pua nzima atajua nini? Macho yanawasha hadi unatamani kuyang'oa, kifua kinabana, pumzi unaivuta haiji.

Mama yake, Bi Sheikha, hakuwa na shaka kwamba hilo ni jicho la watu. Kila Najla alipobanwa, alimkalisha kwenye kigoda, akamfunika shuka gubigubi, akamwekea miguuni chetezo cha udi na ubani. Najla akikohoa mpaka machozi, mama anasema, "Unaona? Inatoka." Utoto wake ulipita chini ya shuka ile. Na aliamini, maana aliyemfukiza alikuwa akilia naye.

Ameshakuwa mtu mzima ndipo akafika kwa daktari mmoja wa mtaa wa Kinindo. Daktari akamsikiliza kifua, akauliza, "Nyumbani munachoma nini?" Najla akamweleza. Yule bwana akavua miwani. Ni alerji, akasema. Haiponi, inatulizwa tu. Vumbi la vitambaa ni baya, moshi mbaya zaidi. Akamwandikia pompi, kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo kifua kinapobana.

Aliporudi akasema aliyoambiwa, Bi Sheikha alikitazama chetezo. "Kumbe ni mi nilikuwa namumaliza mutoto wangu?"

"Apana, Mama. Hukujua."

"Ni mi."

Chetezo kikapanda juu ya kabati. Nyumba ambayo wageni waliijua kwa harufu kabla hawajavua viatu haikunukia tena, hata siku ya Idi. Mwanamke aliyelelewa ndani ya udi akajinyima udi, na Najla akaona, na ikamuuma.

Afadhali basi angekuwa amepona. Wapi! Duka ndilo lililowalisha, vumbi ni lile lile, na pompi zikaadimika mjini. Famasi hii zimekwisha, ile wanangoja mzigo. Najla akajizoeza kuvuta kidogo, nyingine aiweke ya kesho.

Kisukari kilipomlaza Bi Sheikha, aliomba jambo moja tu. "Nikikufa, unioshe we mwenyewe. Usiniachie watu."

"Nitakuosha, Mama."

Akafa asubuhi, na pompi ya Najla ilikuwa imekauka. Mama mdogo Azhar, ndugu wa marehemu, akaja na wanawake wa kuosha. Kwao maiti huoshwa udi ukifuka, ndivyo walivyofanyiwa bibi zao wote. Azhar akamvuta Najla pembeni, akamuuliza kwa upole, "Tuache moshi?"

Angesema waache, wangeacha. Najla akatazama juu ya kabati. Miaka yote hii mama yake amekosa udi kwa ajili yake. Amnyime na leo?

"Wekeni," akasema. "Mutumie chetezo chake."

Akaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Akaosha mkono, taratibu, akafika begani. Hapo kifua kikajifunga, kata ya maji ikamponyoka, wanawake wakamshika wakamtoa nje.

Wakamkalisha uani, kwenye kigoda kile kile, na mlango wakaufunga ili moshi usimfuate. Alikaa akiigombania pumzi, akisikia maji yakimwagwa ndani, na watu wakisaidiana kumgeuza mama yake upande wa kushoto.