Maji ya Kunawa

Jumapili hiyo tulikuwa tumebanana kwenye fleti ya shangazi, ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa St. James Town, huku ughaibuni. Runinga ilikuwa inatangaza kwamba rais wa Marekani amekataa kutia saini mswada wa kupiga marufuku kuwatesa wafungwa kwa maji.

Mgeni mmoja, aliyewahi kuwa polisi huko kwetu Kenya, akacheka. "Amefanya vizuri. Maji kidogo hayaui mtu."

Shangazi alinitupia jicho. Baba yangu, kaka yake, aliwahi kufungiwa na polisi siku nne kwenye seli iliyojaa maji hadi magotini. Miguu yake haikupona mpaka tunamzika.

Chakula kilikuwa tayari, na kunawisha wageni ilikuwa kazi yangu, maana shangazi hakukubali mgeni wake ainuke kwenda bombani. Nikajaza jagi maji baridi kama barafu, nikachukua beseni.

Kwetu mgeni akisema asante, unaacha kumimina. Yule mzee aliyewahi kuwa polisi alisema asante. Nikaendelea. Akasema tena, kwa sauti. Maji yakamwingia kwenye mikono ya shati, yakafurika beseni, yakamlowesha mapaja hadi soksi. Asante zake zote nilizikataa, kama rais alivyoukataa ule mswada.

"Wewe binti, una wazimu? Basi, imetosha!"

"Ni maji kidogo tu, mzee," nikamjibu.

Shangazi aliniamuru niombe radhi. Nikaenda kujaza jagi tena.